Malt Liquor: Bia Iliyokatazwa Kutaja Nguvu Zake

Chupa kubwa, bei ndogo, na picha ya fahali kwenye lebo. Ni bia, ni pombe kali, au ni malta? Kabla hujafungua kizibo, soma hapa.

Je, mwenzi wako akirudi nyumbani usiku na kukwambia "nimekunywa moja tu", huwa unaelewa nini? Moja ya nini? Kopo la mililita 330, chupa yetu ya kawaida ya nusu lita, au lile lichupa la zaidi ya lita moja ambalo Wamarekani hulinunua kwa bei ya kutupa? Moja ni hesabu, siyo kipimo. Na katika ulimwengu wote wa bia hakuna kinywaji kinachofundisha somo hilo vizuri kama malt liquor.

Wengi wetu tuliifahamu bia hii kwa macho kabla ya kuijua kwa jina. Tuliiona kwenye vibanda umiza na kwenye kanda za kuazima: kijana wa Los Angeles amekaa kibarazani, mkononi ana chupa kubwa iliyofichwa ndani ya mfuko wa kaki. Mwishoni mwa filamu ya Boyz n the Hood ya mwaka 1991, yule Doughboy anayeigizwa na Ice Cube anamwaga kinywaji chake chini, ndugu yake akiwa ameshauawa. Mzee yeyote wa kijijini kwetu angekielewa kipande hicho bila mkalimani. Kuwamwagia waliotangulia ni tambiko la siku nyingi.

Mwezi uliopita hapa ofisini ulizuka ubishi wakati wa chakula cha mchana. Mmoja wetu alishikilia kwamba malt liquor ni pombe kali kama konyagi, kwa sababu ya hilo neno "liquor". Mwingine akasema, "Hapana bwana, hiyo ni malta, hata watoto wanakunywa." Wa tatu, mtu wa Nairobi, akaapa kwamba ni Tusker Malt ya Wamarekani. Wote watatu walikosea, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wali ukapoa, nami nikaona hapa pana makala.

Na kama wewe hunywi kabisa, usifunue ukurasa mwingine bado. Unaweza kuwa ndiye unayekaribisha wageni, ndiye unayeendesha gari kuwarudisha, au ndiye unayemsubiri mtu wa "moja tu".

KIMEA KIMOJA, CHUPA TATU

Hilo neno "malt" kwa Kiswahili ni kimea. Mama yeyote aliyewahi kumtengenezea mtoto uji wa kimea anaijua siri yake: unaloweka ulezi, unauacha uchipue, unauanika, unausaga. Nafaka inapochipua huzalisha vimeng'enya, yaani vitu vya asili vinavyouvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari. Ndiyo maana uji mzito ukitiwa unga wa kimea hulainika na kuwa mtamu bila kijiko cha sukari.

Anayepika mbege kule Kilimanjaro hutumia kimea cha ulezi. Kiwanda cha bia hutumia kimea cha shayiri. Kanuni ni ileile: wanga unageuka sukari, hamira inaila sukari, na hapo kilevi kinapatikana.

Sasa, kwenye rafu za duka utakuta chupa za aina tatu zenye neno hilo, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni malta, kwa mfano Malta Guinness. Hii ni juisi tamu ya kimea isiyokusudiwa kulevya. Unaweza kumpa mgeni asiyetumia kilevi, ila soma lebo kwanza, kwa sababu 0.0% siyo sawa na 0.5%. Kwa mfano, sheria ya Marekani inaruhusu kinywaji cha kimea chenye kilevi chini ya 0.5% kiitwe kisicho na kilevi. Kwa mgeni ambaye dini yake inakataza, tofauti hiyo ndogo siyo ndogo.

Ya pili ni bia ya kimea kitupu, kama Tusker Malt. Hapa neno "malt" ni majivuno: linakwambia bia imepikwa kwa kimea cha shayiri pekee, bila kuongezewa mahindi wala sukari.

Ya tatu ndiyo malt liquor, na hapa mambo yanageuka kichwa chini miguu juu. Licha ya jina lake, ndiyo bia ambayo mara nyingi hutiwa mahindi au sukari ya mahindi kwa wingi. Na hilo neno la pili lisikutishe. Haijachemshwa na kukingwa mvuke wake kama gongo au wiski. Ni bia, tena ni laga, ndugu wa damu wa ile unayoagiza na nyama choma Ijumaa jioni. Kinachoitofautisha na ndugu zake ni mambo mawili: ina nguvu zaidi, na imepikwa ili nguvu hiyo ipatikane kwa gharama ndogo.

NJIA NDEFU NA NJIA YA MKATO

Mpishi wa bia akitaka bia kali ana njia mbili.

Njia ndefu ni kuongeza kimea. Wajerumani hufanya hivyo kwa bia yao inayoitwa doppelbock, ambayo hufika 7% na kupita. Kimea kingi huleta sukari nyingi, lakini sehemu ya sukari hiyo hamira haiwezi kuila. Inabaki ndani, na bia inakuwa nzito mdomoni, kama mkate wa majimaji. Ukinywa moja unajua umekunywa. Inakwambia mwenyewe, taratibu bwana.

Njia ya mkato ni kuongeza kitu ambacho hamira itakila chote. Hapa ndipo yanapoingia mahindi, na mara nyingine sukari iliyokwisha kutengenezwa kutokana na mahindi. Viwanda vingine huongeza vimeng'enya vya ziada ili hata ule wanga sugu uvunjike. Hamira inafanya karamu, haibakizi kitu. Mwishowe unapata kilevi kingi ndani ya kinywaji chepesi. Maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu wake, hutiwa kidogo sana.

Ukiimimina kwenye glasi utaona rangi ya majani makavu na povu linalokufa haraka. Ukionja utapata utamu wa mahindi, uchungu wa kutafuta kwa tochi, kisha ujoto fulani kooni unaposhusha. Ujoto huo ndio kilevi chenyewe kinapiga hodi.

Nyingi zina kati ya 6% na 8%, ingawa zipo za chini na za juu zaidi. Colt 45, mkongwe wa ukoo huu, ina 5.6%. Steel Reserve ina 8.1%. Na kwa taarifa yako, Safari Lager yetu ina 5.5%. Yaani Mtanzania anayeagiza Safari kila wikiendi yuko mlango wa pili na Colt 45, ila hakuna aliyemwambia kwamba anakunywa kitu cha kuogopwa.

Hapo kwetu baamedi hukuuliza, "Baridi au ya moto?" Kwa malt liquor swali hilo halina maana. Hunywewa ikiwa baridi ya kuuma meno, kwa sababu ubaridi huficha utamu na ukali wake. Ikipata joto kila kitu kinajitokeza. Tatizo ni kwamba chupa ikiwa kubwa, mnywaji hukimbizana na joto: anakunywa haraka ili amalize kabla haijaharibika ladha. Ukubwa wa chupa unampangia mwendo.

Nisieleweke vibaya. Mahindi kwenye pombe siyo aibu, waulize wapika komoni. Tena kampuni ya Dogfish Head ya jimbo la Delaware iliwahi kuichukua malt liquor kwa mzaha wenye heshima: ikaipika kwa mahindi ya rangi tatu, mekundu, meupe na ya bluu, ikaitia kwenye chupa kubwa na kuiuza pamoja na mfuko wake wa kaki. Kwa hiyo ni mtindo halali wa bia, na mpishi mwenye mkono anaweza kuutendea haki. Lakini historia ya mtindo huu haikuandikwa na wapishi. Iliandikwa na watu wa matangazo.

ILIANZA NA GLASI ZA SHAMPENI

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Marufuku ilipokwisha, viwanda vilivyosalia vilihangaika kutafuta kitu kipya cha kuuza. Bia ambayo mara nyingi hutajwa kuwa malt liquor ya kwanza ya Marekani ni Clix, ya kiwanda cha Grand Valley katika mji mdogo wa Ionia, Michigan. Upishi wake ulipata hataza mwaka 1948.

Sasa sikiliza majina ya zilizokuwepo enzi hizo: Champale, na Country Club. Moja inanukia shampeni, nyingine inanukia klabu ya gofu. Walengwa walikuwa mabwana na mabibi wa tabaka la kati, Wazungu, waliokaribisha wageni sebuleni na kutaka kitu cha kumimina kwenye glasi yenye mguu mwembamba. Malt liquor ilizaliwa ikiwa imevaa tai.

Mwaka 1963 kampuni ya National Brewing ya Baltimore ikatoa Colt 45. Tangazo lake la mwanzo lilikuwa la kuchekesha: mwanamume ameketi mezani peke yake, dunia inavurugika kumzunguka, yeye hana habari, anasubiri bia yake tu. Schlitz nao wakaja na fahali anayebomoa kuta na kuingia ndani.

Kisha makampuni yakaligundua jambo moja: bia hii ilikuwa ikinunuliwa sana na Wamarekani Weusi wa mijini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 fedha za matangazo zikahamia huko. Miaka ya 1980 akaja Billy Dee Williams, mwigizaji mtanashati wa Star Wars, suti imekaa, sauti ya chini, kopo la Colt 45 mkononi, akiwahakikishia wanaume kwamba kitu hiki hufanya kazi kila mara. Hakusema ni kazi gani. Kila mtu alijua anamaanisha nini, na nitarudi hapo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ikaja St. Ides, na wasanii wa rap wakalipwa kuisifia, Ice Cube akiwa mmoja wao. Chupa ya aunsi 40, karibu lita 1.2, ikawa alama ya mtaa. Kile kinywaji kilichovaa tai sasa kilivaa mfuko wa kaki.

FAHALI, NYOKA NA BASTOLA

Hebu jiulize: kwa nini Colt 45 ina jina linalokumbusha bastola? Kwa nini Schlitz ina fahali? Kwa nini nyingine iliitwa King Cobra?

Jibu liko kwenye sheria. Mwaka 1935, miaka miwili tu baada ya marufuku kuondolewa, Marekani ilipitisha sheria iliyozuia kuandika kiwango cha kilevi kwenye lebo ya bia, isipokuwa pale ambapo sheria ya jimbo ilidai kiandikwe. Nia ilikuwa njema. Serikali iliogopa kwamba viwanda vingeanza kushindana kwa nguvu: huyu anasema 6, yule anasema 7, mwisho wa siku wananchi wanalala mitaroni.

Lakini ukimziba mtu mdomo, atasema kwa macho. Viwanda havikuweza kuandika "hii ni kali", basi vikachora fahali. Havikuweza kutaja asilimia, basi vikachora nyoka. Mnunuzi akajifunza kusoma picha badala ya namba. Na picha, wapenzi wasomaji, haina kipimo. Fahali wa 5.6% na fahali wa 8% wana pembe zilezile.

Mwaka 1991 mchezo huo ulifika mwisho wa kamba. Kampuni ya G. Heileman ya Wisconsin, iliyokuwa ikimiliki Colt 45 wakati huo, ilitangaza malt liquor mpya ya 5.9%, ikilenga waziwazi Wamarekani Weusi. Iliipa jina PowerMaster, yaani bwana wa nguvu. Viongozi wa dini na wanaharakati Weusi walikuja juu. Daktari mkuu wa serikali, Antonia Novello, akaikosoa hadharani. Idara ya serikali iliyokuwa imelipitisha jina hilo ikaliondoa, kwa sababu neno "Power" lilikuwa njia ya kutangaza ukali. Bia ikafa kabla haijatembea.

Mwaka huohuo Chuck D wa kundi la Public Enemy aliishtaki kampuni ya St. Ides kwa kutumia sauti yake kwenye tangazo bila ruhusa, na kundi lake likatoa wimbo wa kuishambulia biashara nzima ya chupa hizo. Angalia hiyo: rap ndiyo iliyoiuza, na rap ndiyo iliyoishtaki.

Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Marekani ilimaliza kesi iliyofunguliwa na kampuni ya bia ya Coors. Ilisema kuzuia asilimia kwenye lebo ni kuvunja uhuru wa kujieleza. Tangu hapo viwanda viliruhusiwa kuandika.

Hapo ndipo pana fundisho. Kwa miaka 60 sheria ilidhani kwamba kunyamaza ni kinga. Matokeo yake, aliyekuwa na fedha kidogo ndiye aliyeuziwa kitu kikali zaidi huku akiwa na habari kidogo zaidi. Kuficha nguvu ya kinywaji hakumpunguzii mtu ulevi. Kunampunguzia uwezo wa kuamua.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Usiogope, ni hesabu ya darasa la sita. Chukua mililita zilizoko kwenye chupa, zidisha kwa asilimia, gawanya kwa 100. Unapata mililita za kilevi kitupu.

Kopo la mililita 330 la bia ya 5% lina mililita 16.5 za kilevi.

Chupa ya nusu lita ya 5% ina mililita 25.

Kopo kubwa la Steel Reserve, aunsi 24 au mililita 710, la 8.1%, lina takriban mililita 57. Hilo kopo moja ni zaidi ya chupa mbili za nusu lita.

Chupa ya aunsi 40, mililita 1,183, ya 8%, ina takriban mililita 95. Hiyo "moja tu" ni karibu chupa nne zetu za nusu lita.

Mililita 95 ni kama gramu 75 za kilevi. Ini la mtu mzima kwa kawaida husafisha gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kahawa, maji ya ndimu wala supu ya pweza inayolikimbiza. Kwa hiyo aliyemaliza chupa hiyo saa sita usiku anaweza kuamka saa moja asubuhi, akaoga, akavaa tai, akashika usukani kwenda kazini, huku kilevi bado kiko kwenye damu. Anajiona mzima kwa sababu amelala. Kulala siyo kusafisha.

WAWILI, CHUPA MOJA

Sasa tuje nyumbani. Kuna wanandoa wanaopenda kugawana chupa sawa kwa sawa, glasi yangu, glasi yako, mapenzi moto moto. Picha ni nzuri, lakini mgawanyo wa haki mezani siyo mgawanyo wa haki mwilini. Kwa kawaida mwanamke ana uzito mdogo zaidi na maji machache zaidi mwilini kuliko mwanamume, hivyo kiasi kilekile cha kilevi hupanda juu zaidi kwenye damu yake. Siyo udhaifu, ni maumbile. Mume anayemwambia mkewe "mbona umelewa haraka, tumekunywa sawa?" hajui hesabu.

Na hapa nakirudia kile kitu ambacho Billy Dee Williams alisema hufanya kazi kila mara. Tangazo lile lilikuwa linauza wazo kwamba kinywaji kikali ni ufunguo wa mwanamke. Tusijidanganye kwamba wazo hilo lilibaki Marekani. Mara ngapi umesikia vijana wakishauriana, "Mwagizie ile nyingine, hataisikia"? Hiyo "hataisikia" ndiyo sifa yenyewe ya bia iliyopikwa kwa njia ya mkato: nyepesi mdomoni, nzito kichwani.

Nitasema wazi bila kuzunguka. Kumwagizia mtu kinywaji kikali kuliko anavyodhani ni kumdanganya, hata kama umelipa bili. Ni kufanya ile ile kazi ya lebo isiyotaja asilimia. Na mtu aliyelewa hawezi kusema ndiyo yenye maana. Kama mapenzi yako yanahitaji 8% ili yakubaliwe, basi hayo siyo mapenzi, ni mtego.

Upande wa pili, shemeji zangu wa kike, nanyi mna lenu. Ugomvi wa "umekunywa ngapi?" hauna mshindi, kwa sababu swali lenyewe ni bovu. Rafiki yangu mmoja na mumewe walikuwa wakigombana kila Jumamosi kuhusu idadi. Mume anaapa ni mbili, mke anasema hali yake ni ya sita. Wote walikuwa wakweli: alikuwa amehamia kwenye makopo makubwa yenye nguvu. Siku walipoanza kuulizana "ya ngapi asilimia, na ya ukubwa gani?", ugomvi haukwisha kabisa, lakini walau ulihamia kwenye jambo la kweli, yaani kwa nini alihitaji kuhama.

Hilo ndilo swali la maana. Mtu akibadilisha kinywaji kutoka cha kawaida kwenda cha bei rahisi na nguvu nyingi, mara nyingi ladha siyo sababu. Aidha mfuko umebana, au kuna kitu anataka kisisikike. Yote mawili yanazungumzika, tena yanazungumzika vizuri zaidi Jumanne asubuhi kuliko Jumamosi saa nane usiku.

TUSIWACHEKE WAMAREKANI

Ni rahisi kuisoma habari hii kama sinema ya wengine. Lakini sisi tulikuwa na viroba. Pombe kali kwenye kipakiti cha plastiki, bei ya mfukoni, unakificha kwenye soksi, unakinywa kabla kondakta hajaita abiria. Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Jimbo la Florida nalo haliruhusu bia kuuzwa kwenye chombo kinachozidi aunsi 32, ndiyo maana ile chupa ya 40 huikuti kwenye maduka ya huko. Kule chupa ilikuwa kubwa mno, kwetu kipakiti kilikuwa kidogo mno, lakini biashara ni ileile: kumuuzia mwenye fedha kidogo nguvu nyingi kwa haraka.

Tofauti kati ya anayekunywa kwa starehe na anayekunywa kwa kuzima taa mara nyingi haiko kwenye chupa. Iko kwenye sababu.

KABLA HUJAFUNGUA KIZIBO: MAMBO MATANO

1. Soma namba, achana na picha. Tafuta asilimia, kisha tafuta mililita. Fahali, tembo na simba hawakusaidii kitu.

2. Neno "malt" peke yake halikuambii lolote kuhusu kilevi. Linaweza kuwa 0.0% au 8%. Ukikaribisha wageni, tenganisha chupa hizo mezani na waambie ipi ni ipi.

3. Ukikutana na malt liquor ughaibuni au ndugu akikuletea zawadi, imimine kwenye glasi ndogo, iwe baridi, tena ule kwanza. Vyakula vya kukaanga na vyenye pilipili vinaukata utamu wake vizuri. Chupa kubwa ni ya watu wanne, siyo ya shujaa mmoja.

4. Ukimwagizia mtu kinywaji, mwambie nguvu yake kabla hajaonja. Inachukua sekunde tatu.

5. Panga safari ya kurudi kabla ya kuagiza. Bodaboda, teksi, au yule anayekunywa malta. Na kumbuka hesabu ya asubuhi.

Malt liquor siyo shetani, na siyo kinywaji cha ajabu. Ni laga iliyotiwa nguvu kwa njia rahisi, ikauzwa kwa picha kwa sababu ilikatazwa kutumia namba. Leo namba zipo kwenye lebo. Zisome, kisha mwambie uliyekaa naye meza moja.

Wikiendi njema, na mkinywa, kunyweni kistaarabu.